Mkopo Usiojua Kusi

Pwani ya Kilifi na Malindi haina upungufu wa wakopeshaji. Ziko benki za mikopo midogo zenye leseni ya Benki Kuu. Viko vyama vya akiba na mikopo kama Imarika, kilichoanza kwa walimu wa Kilifi. Ziko hazina za serikali za vijana na wanawake, viko vyama vya kina mama vinavyokutana chini ya mwembe, uko mkopo wa simu unaoingia kabla hujamaliza kuuomba, na yuko shailoki anayeshika kitambulisho chako mpaka umlipe. Pamoja na hayo yote, ukimuuliza mwuza samaki wa Mayungu au mshona makuti wa Gongoni kinachomkwamisha, atakujibu: mtaji.

Pesa basi zipo. Kinachosumbua ni jinsi zinavyokuja na jinsi zinavyotakiwa kurudi, na hilo ndilo nililotaka lijadiliwe. Nimewaketisha barazani watu watano: afisa wa mikopo, mama karanga, yaani mmoja wa wale wanawake wanaonunua samaki ufukweni, wakawakaanga na kuwauza mtaani, mzee mwenye minazi huko Kaloleni, ustadhi, na mwalimu wa uchumi. Watu hawa nimewabuni. Hoja zao sikuzibuni, maana husikika kila wiki Malindi, Mtwapa na Mariakani. Nami nitaingilia pale nitakapoona jambo linapitwa upesi.

AFISA: Nianze mimi, maana najua lawama nyingi zitanielekea. Tukumbuke tulikotoka. Zamani mtu wa hapa akitaka kukopa benki aliulizwa hati ya shamba au hati ya mshahara. Asiye nazo alirudi nyumbani. Ndipo yakaja mashirika: Kenya Women Finance Trust mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha K-Rep mwaka 1984, ambalo mwaka 1999 likageuka benki kamili. Sheria ya mikopo midogo ikapitishwa mwaka 2006, ikaanza kutumika mwaka 2008, na mwaka uliofuata Faulu ikawa ya kwanza kupewa leseni ya kupokea amana za wananchi chini ya sheria hiyo. Leo mama asiye na shamba wala mshahara anaingia na kitambulisho chake na wenzake wa kikundi, anatoka na pesa mkononi. Hilo si dogo.

MAMA KARANGA: Si dogo, mwanangu, na sikatai. Mkopo wa kwanza ndio ulioniondoa kwenye mali kauli. Kabla ya hapo nilikuwa nachukua samaki kwa tajiri asubuhi, namlipa usiku, na bei anaipanga yeye. Nilipopata pesa zangu, nikanunua kwa mvuvi nimtakaye. Lakini hebu nikueleze siku yangu ilivyo, kisha uniambie kama ile karatasi yako inaijua.

Saa tatu asubuhi niko ufukweni. Vyombo vikiingia, nguru, jodari na changu wakubwa wanakwenda kwa tajiri, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa nyavu na mafuta ya mashine. Sisi tunabakiwa na tafi, tasi na wale wadogo wadogo. Nanunua ndoo yangu, nawapaa magamba, nawaosha, nawatia chumvi na ndimu, nawasha kuni, naweka karai. Magharibi niko kando ya njia na meza yangu. Isha ikipita, ama nimemaliza ama nimebakiwa, na samaki aliyelala hauziki kesho kwa bei ya leo. Pesa yangu inatoka asubuhi, inarudi usiku.

Kaskazi ikivuma, tangu Novemba mpaka Machi, bahari imetulia, wageni wapo, mpishi na mtunza bustani wa hoteli wana mishahara, nami rejesho la kila wiki nalitoa bila kuhema. Ikiingia kusi, vyombo vidogo vinapandishwa mchangani. Ile ndoo inapanda bei, na siku nyingine haipatikani kabisa. Mwezi wa tano hoteli nyingi zimefunga, na yule mtunza bustani ameambiwa akae nyumbani mpaka Julai. Mvua nayo inanyesha, nani atatoka usiku kununua tafi? Lakini Jumanne ni Jumanne. Kikao kipo, daftari liko wazi, na rejesho ni lile lile la Januari.

AFISA: Ratiba ya kila wiki hatukuiweka ili kumtesa mtu, mama. Ilitoka Bangladesh, kwa Muhammad Yunus na Benki ya Grameen, kazi aliyoianza kijijini Jobra mwaka 1976. Waligundua kwamba asiye na mshahara hulipa vizuri akilipa kidogo kidogo na mara kwa mara. Nami naona mapema anayeyumba. Akikosa wiki mbili, namtembelea, tunazungumza. Nikimwachia miezi mitatu, pesa zile zitakuwa zimekwenda kwa karo, kwa matibabu na kwa matanga. Si kwa ubaya wake, ni kwa sababu ana watu.

MWALIMU: Kabla hatujaiacha ratiba, tuhesabu bei yenyewe, kwa sababu wateja wengi huambiwa asilimia bila kuambiwa ya nini. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 30,000 kwa wiki 24, na riba ya asilimia 10 juu ya pesa zote ulizokopa. Utarudisha 33,000, yaani 1,375 kila wiki. Ukisikia asilimia 10 unaona ni nafuu. Lakini kila wiki unayolipa, deni linapungua, na riba haipungui. Kwa wastani umekaa na nusu tu ya zile pesa. Ukizigeuza hesabu hizi ziwe za mwaka mzima, bei halisi inapita asilimia 40. Na kama mkopeshaji amezuia 3,000 za akiba tangu siku ya kwanza, mama huyu ametoka ofisini na 27,000 huku anatozwa riba ya 30,000.

AFISA: Hesabu yako ni ya kweli, mwalimu, lakini haijataja gharama zangu. Mkopo wa milioni tatu na mkopo wa elfu thelathini karatasi zake ni zile zile. Huyu wa elfu thelathini ndiye ninayemfuata kwa bodaboda hadi Marafa. Isitoshe, mama karanga anazungusha mtaji wake kila siku. Akipata faida ndogo tu kwa siku, asilimia 40 kwa mwaka haimuumi. Kinachomuumiza ni kukosa pesa siku samaki wapo. Serikali ilijaribu kushusha riba kwa sheria. Kuanzia Septemba 2016 mabenki yalizuiwa kutoza zaidi ya asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kilichotokea? Yaliwapa kisogo wafanyabiashara wadogo na kukimbilia hati fungani za serikali, mpaka kikomo kikaondolewa Novemba 2019. Sisi wa mikopo midogo hatukuwa ndani ya sheria hiyo, lakini somo tumelipata. Wala msidhani tunaogelea kwenye faida. Kwa miaka kadhaa mfululizo benki za mikopo midogo nchini, ukizijumlisha, zimekuwa zikipata hasara. Mwaka 2022 Branch, kampuni ya mikopo ya simu, ilichukua sehemu kubwa ya hisa za benki mojawapo, Century. Mjue upepo unavumia wapi.

MAMA KARANGA: Unavumia kwenye simu, nani asiyejua? Mwezi wa tano nikikosa rejesho la kikundi, nakopa kwenye simu nilipe kikundi. Kisha nakopa kwa jirani nilipe simu.

MWALIMU: Na hapo ndipo hesabu inapokuwa chungu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Hiyo ni ada ya mwezi mmoja tu. Hustler Fund ya serikali ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 ilikuja na asilimia 8 kwa mwaka, nafuu kubwa sana, lakini mkopo unaanzia shilingi 500 na siku za kulipa ni 14. Kwa mahitaji ya ghafla inafaa. Kuvuka miezi mitatu ya kusi, haitoshi.

MZEE: Nyinyi mnazungumzia riba kana kwamba imekuja na benki. Kwetu Kaloleni baba zetu waliwekeana minazi rahani. Una mazishi, au mwanao anaoa, huna pesa. Unamwendea mwenye nazo, unampa minazi yako kumi. Anakupa pesa. Tangu siku hiyo nazi ni zake na tembo ni lake, mpaka utakapomrudishia pesa zake zote kwa pamoja. Hakudai kila wiki, wala haji nyumbani kwako kupiga kelele. Anapanda mnazi tu. Na wewe, kwa kuwa minazi ndiyo iliyokuwa ikikupa pesa, hizo za kumrudishia utazitoa wapi? Mwaka unapita, wa pili unapita, na minazi ile unaisalimia ukipita njiani.

Niingilie hapa: mambo haya anayoyasema mzee yameandikwa. David Parkin, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikaa na Wagiriama wa Kaloleni na mwaka 1972 akatoa kitabu kilichoeleza jinsi wachache walivyojikusanyia minazi na ardhi za wenzao kwa rahani na ununuzi wa namna hiyo. Malindi nayo ina kumbukumbu yake. Mji ulifufuliwa miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar alipotuma watu waje kulima, na mtama na ufuta ukastawi kwa jasho la watumwa. Wenye mashamba walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, wakaweka mashamba rahani, na wengine wakayapoteza. Mtumwa, ambaye ndiye aliyelima, hakuwa na cha kuweka rahani. Alikuwa yeye mwenyewe mali ya mtu.

Nataja hayo kwa sababu moja. Mkopeshaji wa kale wa pwani hii, awe tajiri wa ufukweni, mwenye kushika minazi au mfanyabiashara wa mjini, aliijua misimu kuliko mtu yeyote. Tajiri hamdai mvuvi wakati wa kusi. Anangoja samaki, kwa kuwa analipwa kwa samaki. Ujuzi huo aliutumia kumfunga mtu: deni haliishi, na bei anapanga yeye. Benki ya mikopo midogo imekuja na jambo jema ambalo tajiri hakuwa nalo, nalo ni deni lenye mwisho na bei iliyoandikwa. Ilichoacha nyuma ni kuijua bahari. Sioni kwa nini mvuvi na mama karanga wachague kati ya mkopo unaojua kusi lakini hauishi, na mkopo unaoisha lakini haujui kusi.

MZEE: Na usisahau ardhi. Benki kubwa ikisema lete hati, mimi nitaitoa wapi? Mwaka 1908 Waingereza walipoandikisha ardhi ya ukanda wa pwani wa maili kumi, waliopata hati ni wale waliokuwa na namna ya kuthibitisha madai yao mbele ya ofisi. Sisi Mijikenda wengi tukawa maskwota juu ya makaburi ya babu zetu. Tangu uhuru tunaambiwa hati zinakuja. Wengine wamepata, wengi bado. Kwa hiyo mtu wa Magarini haendi kwenye mkopo mdogo kwa kuupenda. Ndio mlango pekee ulioachwa wazi.

AFISA: Ndiyo maana tukaweka kikundi kuwa dhamana badala ya shamba. Kila mmoja amdhamini mwenzake.

MAMA KARANGA: Sasa umenigusa. Mwaka mmoja mwenzetu alishindwa. Mumewe alikuwa baharia wa chombo cha mtu, chombo kikaharibika, naye mwenyewe akajifungua kwa upasuaji. Wiki nne hakulipa. Ya kwanza, ya pili tulimchangia. Wiki ya tano tukaambiwa kama hatuchukui vitu vyake, akiba zetu sote zitakatwa. Tukaenda, wanawake wanane. Tulichukua televisheni, tukachukua viti, na mmoja wetu akashika karai. Mtoto mchanga yuko kitandani, na mama yake anatutazama hasemi neno. Karai lile ndilo lililokuwa likitafuta zile pesa! Tulijua, na tulilichukua. Mpaka leo tukikutana naye sokoni anageuza uso. Nani alifaidika? Hata deni halikuisha, vitu vile viliuzwa bei ya kutupa.

AFISA: Hilo lisingetakiwa kufika huko.

MAMA KARANGA: Lilifika.

MWALIMU: Wala si la hapa tu. Bosnia ilipotoka vitani mwaka 1995, nchi iliyokuwa ikihama kutoka uchumi wa kijamaa, viwanda vya umma vimekufa na wafanyakazi wake wamejiingiza kwenye vibiashara, wafadhili walimimina mikopo midogo. Kwa miaka kadhaa ilitajwa kuwa mfano bora. Kufikia mwaka 2009 watu wengi walikuwa na mikopo ya mashirika mawili matatu kwa wakati mmoja, na wadhamini wakajikuta wanalipa madeni ambayo hawakuyala. Mzigo ule ukavunja ujirani kama ulivyovunja huo wa kwenu, mama. Nchi hiyo hiyo ni mojawapo ya sita zilizofanyiwa utafiti na wachumi, pamoja na Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, na matokeo yakachapishwa pamoja mwaka 2015. Hitimisho lao lilikuwa la kiasi: mikopo midogo huwapa watu nafasi ya kuchagua, husaidia baadhi ya biashara kukua, lakini haikuwatoa maskini kwa jumla kwenye umaskini wao. Na Mongolia, walipolinganisha mkopo wa kikundi na wa mtu binafsi, hawakuona tofauti katika ulipaji.

AFISA: Kumbe unataka tuondoe wadhamini kabisa?

MWALIMU: Nataka dhamana iwe kitu kinachonunuliwa kwa mkopo wenyewe. Kenya ina sheria hiyo tangu mwaka 2017, sheria ya dhamana ya mali inayohamishika, na daftari lake la taifa lipo. Friza, mashine ya boti, hata mifugo inaweza kuandikishwa. Kuna utafiti uliofanywa kwa wafugaji wa maziwa huku huku Kenya, waliokopeshwa matangi ya maji. Tangi lenyewe lilipofanywa dhamana, pamoja na malipo madogo ya kuanzia, waliojitokeza kukopa waliongezeka mara nyingi kuliko walipotakiwa kuleta wadhamini, na karibu wote walilipa. Mama akinunua friza kwa mkopo, friza iwe dhamana, na karai libaki jikoni.

USTADHI: Nimekaa kimya nikisikiliza asilimia. Mimi sina ruhusa ya kukubaliana na riba, iwe nne au arobaini, na waumini wengi wa Malindi hawakopi kwa sababu hiyo. Wengine wanakopa huku moyo unawasuta. Lakini tuache hukumu ya riba kwa leo, tutazame jambo ambalo hata afisa anaweza kulibeba. Kur'ani inaamuru kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki asubiriwe mpaka apate wasaa. Kusi ni dhiki inayojulikana tarehe zake! Wavuvi wetu walilielewa hili tangu kale katika kugawana mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Samaki wakipatikana wengi, kila mmoja anapata wengi. Wakikosekana, mwenye chombo naye amekosa. Huo ni ushirika, na sheria yetu inaukubali. Mwenye mtaji akitaka kushiriki faida, ashiriki na hasara.

AFISA: Ustadhi, ushirika unataka uaminifu wa hesabu. Nitajuaje mama huyu leo kauza ndoo mbili akaniambia moja?

USTADHI: Utajuaje kwamba ameuza moja ukamtoza kana kwamba kauza mbili? Hilo mbona halikusumbui?

AFISA: Linanisumbua, ustadhi. Lakini bosi wangu ana bosi wake, naye ameazima pesa hizo kwingine, na huko pia kuna tarehe.

Afisa huyu simlaumu. Nina hakika wengi wao hulala na hofu kubwa ya tarakimu za mikopo iliyochelewa kuliko wateja wao wanavyojua. Lakini hoja kwamba tarehe haziwezi kusogea imekwisha kupingwa na historia ya juzi tu. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya iliruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya walioathirika. Aprili mwaka huo Kilifi ikafungwa pamoja na Mombasa na Kwale, mtu asiingie wala asitoke. Tarehe zilisogea, na mabenki hayakufa. Ikiwa kalenda ya mkopo inaweza kupindwa kwa janga lisilotabirika, inashindwaje kupindwa kwa kusi, ambayo kila mtoto wa Shela anajua itaingia lini?

Ushahidi wa msimu nao upo kwa maandishi. Katika fuo zetu kuna BMU, zile kamati za kusimamia ufuo, na zina daftari la samaki wanaoteremshwa. Afisa akilifungua hilo kabla ya kuchapisha ratiba, ataona mwezi gani una pesa na mwezi gani hauna.

MWALIMU: Na si lazima benki ipoteze kitu. Turudi kwenye 33,000 zetu. Tuseme mkopo umetolewa mapema Desemba, na wiki 24 zinaanza katikati ya mwezi. Wiki 14 za mwanzo, mpaka mwishoni mwa Machi, mama alipe 2,000 kila wiki. Hizo ni 28,000. Wiki 10 zilizobaki, Aprili mpaka mwanzoni mwa Juni, alipe 500. Hizo ni 5,000. Jumla ni ile ile 33,000, muda ni ule ule. Ila benki imepokea sehemu kubwa ya pesa zake kabla bahari haijachafuka. Kwa ratiba ya sasa, mwisho wa Machi ingekuwa imepokea 19,250 tu. Niambie ipi ina hatari zaidi.

AFISA: Hiyo inaeleweka. Kwa kweli inaeleweka.

MWALIMU: Na kwa kuwa analipa mapema, riba ipungue. La sivyo utakuwa umempandishia bei kimya kimya.

AFISA: Hilo nitaligombania, siahidi. Lakini umechagua Desemba, mwezi mwepesi. Niambie juu ya anayekuja Aprili, mfuko mtupu. Hao ndio wengi. Huyo ratiba yako inamgeuka: wiki 10 za 500 kwanza, ndipo 2,000. Nimempa pesa zangu zote na nimengoja.

MWALIMU: Hapo sitakudanganya. Kolkata, India, watafiti waliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza, na matokeo yakatoka mwaka 2013. Waliopewa nafasi waliwekeza zaidi kwenye biashara, na miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao. Lakini walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Yote mawili ni kweli. Kwetu Kenya, Bungoma, wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweza kuweka mahindi yao ghalani mpaka bei ipande, badala ya kuyauza siku ile ile kwa shida ya pesa. Wakati wa kutoa mkopo unabadilisha kazi ya mkopo wenyewe. Ila hasara ya wachache watakaoshindwa lazima ibebwe na mtu.

AFISA: Mtu huyo ni nani? Kila mtu hapa ananiambia nisubiri. Hakuna anayesema atalipa nini nikisubiri.

MZEE: Kaunti ilianzisha Hazina ya Mbegu kwa ajili ya biashara ndogo. Badala ya kushindana nawe kukopesha, si iwabebe hao wa Aprili?

AFISA: Mzee, pesa za serikali watu huziona ni zawadi. Ukiambiwa na mwanasiasa jukwaani kwamba ni zako, utazirudisha?

MAMA KARANGA: Mbona mnakwenda mbali hivyo? Mwanangu, wewe una 3,000 zangu.

AFISA: Zipi, mama?

MAMA KARANGA: Zile za akiba mlizozizuia tangu siku ya kwanza. Mwalimu kazitaja, mkapita juu yake. Wiki kumi za kusi ni 5,000 kwa hesabu yenu. Akiba yangu peke yake inalipa wiki sita. Zinabaki nne, na wiki nne za mia tano mimi nazimudu hata kwa kuuza mahamri na mbaazi, na ndivyo tufanyavyo kila mwaka. Miaka yote hiyo pesa zangu zimekaa kwenu, huku mimi nakopa kwenye simu nikulipe wewe.

AFISA: Zile ndizo dhamana, mama. Nikizitumia kulipia kusi, halafu ukashindwa Agosti, nashika nini?

MAMA KARANGA: Utashika friza, kama alivyosema mwalimu, maana itakuwa imeandikishwa. Na Agosti wageni wamerudi, kusi inalegea, naanza tena kujaza ile akiba, mia mbili mia mbili. Mimi siombi kusamehewa hata senti. Nataka pesa yangu inifae mwezi ninaoihitaji.

MWALIMU: Benki itakuwa na pesa kidogo mkononi kati ya Aprili na Juni, lakini deni lake litakuwa linalipwa, halimo kwenye orodha ya waliochelewa. Kwa vitabu vya Benki Kuu hiyo ni nafuu kubwa.

USTADHI: Na mtu hakuingia mtego wa simu.

AFISA: Mkopo wa Desemba nitaupeleka ofisini kesho, pamoja na hesabu hiyo. Huu wa Aprili nitauombea kikundi kimoja kwanza, kikundi cha ufukweni, chenye daftari la BMU. Lakini niulize swali moja, mama, kwa sababu ndilo nitakaloulizwa na wakubwa. Bahari ikichelewa kutulia mpaka Septemba, je?

MAMA KARANGA: Uje ufukweni uitazame kabla hujaja nyumbani kwangu. Ukikuta vyombo viko mchangani, tutakaa tuandike upya. Ukikuta vimeingia na samaki na mimi sijakulipa, friza iko barazani, ibebe.